Kichwa cha Asili

Vijana, kabla hamjanunua tabo kubwa, nunueni sumaku. Tabo itakupeni kasi, lakini sumaku itakwambieni kweli, na katika mashindano ya gari kweli ni adimu kuliko petroli nzuri. Yangu nilikuwa naitia mfuko wa dishdasha, kanzu ya Kiomani, pale wenzangu wanapotia kalamu. Ikigusa chuma inanasa, ikigusa aluminiamu inaanguka. Haiulizi gari ya nani wala mwenyewe mtoto wa nani. Uwanja mzima ule, na mahema yake na mabango yake, nilikuwa na mwenzangu mmoja tu wa kumuamini, naye bei yake haifiki ya sahani ya wali.

Mimi naitwa Khalfan. Nilizaliwa Unguja, nikaletwa Oman ndevu hazijaota, nikajifunza ufundi kwenye gereji moja ya Ibra, kule sinaiya, mtaa wa mafundi na vyuma. Baadaye nikawa mkaguzi wa mashindano ya mbio za moja kwa moja, nje ya Bidiya, pale mchanga wa jangwani unapoanza kuingia barabarani bila ya kubisha hodi. Mchezo wenyewe unaujua hata mtoto. Gari mbili zinasimama sambamba, taa inageuka kijani, robo maili, na wa mwanzo kufika ndiye bwana. Hakuna kona, hakuna ujanja wa usukani. Watu husema mchezo rahisi. Hao hawajasoma kanuni zake.

Nilipoanza, kanuni zilikuwa karatasi moja imebanwa kwa kibanio cha nguo kwenye kamba ya hema. Nilipoondoka zilikuwa kitabu, na kitabu kile kinakuwa kinene kila mwaka kwa sababu moja tu: kila mwaka kuna aliyeshindwa. Kampuni zilikuwa mbili, majina siyataji, nina wakwe pande zote na ningependa kuendelea kualikwa harusini. Moja gari yake ilikuwa na injini ya silinda sita, ya pili silinda nane. Basi tukiwaita Watu wa Sita na Watu wa Nane, na mpaka leo ukisema hivyo mkahawani Ibra, nusu ya watu watageuza viti. Wakala wa Sita alikuwa na hema lake, akipika nyama ya kuoka shimoni. Wakala wa Nane alikuwa na lake, akileta haluwa ya Nizwa ya moto moto. Mkaguzi haruhusiwi kula kwa huyu wala kwa yule. Nimekula mkate na yai kwenye gari yangu miaka yote ile, harufu ya nyama inaingia dirisha hili na ya zaafarani dirisha lile, na kama kuna thawabu za wakaguzi naziomba zihesabiwe hapo.

Wakishinda Watu wa Nane, mwaka unaofuata lajna, yaani kamati ya mashindano, inakaa na kuamua kwamba gari za nane ni nyepesi mno, ziongezwe uzito. Wakishinda Watu wa Sita, lajna inagundua kwamba tundu la tabo zao ni pana mno, litiwe pete ya kulibana. Wajumbe wa lajna walikuwa watu waungwana kabisa. Hawakumpendelea mtu. Walimuonea kila mtu kwa zamu.

Kanuni ya uzito ndiyo iliyonifundisha kuangalia watu kabla ya gari. Ilisema gari na dereva wake wapimwe pamoja, na wasipungue kiasi kadhaa. Akaja dereva mmoja kutoka Sur, mwembamba, ukimuona utamuonea huruma umpe maziwa. Akapanda mizani na gari yake, akapita sawasawa, hazidi wala hapungui. Nikamwambia hongera, njoo unywe kahawa, maana kahawa yangu mwenyewe niliruhusiwa. Akakaa kwenye mkeka. Tukanywa vikombe vitatu. Akaitwa jina lake kwenye kipaza sauti, akataka kuinuka, wapi! Akajaribu kwa mkono wa kulia, akajaribu kwa wa kushoto, kisha akaniangalia kwa macho ya mtu aliyepandwa na maji kisimani. Tulimvuta watu wawili. Ndani ya kanzu alikuwa amejifunga chubwi za nyavu za babake, risasi tupu, zimeshonwa kwenye mshipi kwa ufundi mzuri ambao hata leo nausifu. Mwaka uliofuata kitabu kiliongezwa ukurasa: dereva apimwe akiwa na nguo za mashindano tu. Sababu haikuandikwa. Sababu za kanuni haziandikwi kamwe, ndiyo maana mnaona hazina maana.

Sasa nikupelekeni nyuma kidogo, nikujulisheni mtu aliyenifanya fundi. Fundi Hafidh alitoka Pemba, kanizidi umri kwa miaka kumi na tano na ulimi kwa miaka mia. Gereji yake ndiyo iliyonipokea. Wiki yangu ya pili pale aliniachia nifunge silinda hedi, sisi tukiita kichwa, cha gari ya mzee mmoja mkubwa aliyekuwa na safari ya Nizwa. Boliti za kichwa zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, kwa mzunguko. Mimi nikaanza na zilizo karibu na mkono wangu, nikazikaza kwa nguvu zangu zote za ujana. Kichwa kikapinda. Mzee hakufika Nizwa, alifika kwenye mti wa kwanza wa mgunga, akakaa kivulini kutizama gari yake ikichemka.

Fundi Hafidh hakunipiga. Alininyang'anya spana mwezi mzima. Kila siku baada ya chai akinifunga macho kwa kitambaa, ananiwekea vipande vya chuma mbele yangu, ananiambia nipitishe ukucha. "Mchubuko ukucha wapita juu," akisema. "Ufa ukucha waingia. Kilichochomelewa ukucha wapanda mlima ukashuka. Macho yana marafiki, Khalfani, ukucha hauna." Wateja wakiingia wakinikuta nimefungwa kitambaa napapasa vyuma, wakidhani naaguliwa. Lakini mpaka mwezi unakwisha nilikuwa naweza kukwambia gari imechomelewa wapi kabla sijaliona jina lake. Mashine za kupima zilikuja baadaye, nzuri, zina kioo na namba. Tumieni. Ila ukucha msiukate wote.

Fundi Hafidh alikuwa mtu wa Sita. Injini alizozifanya zilishinda Ijumaa nyingi za kawaida, lakini fainali ya msimu hakupata kuishinda hata mara moja. Mwaka huu pete imevunjika, mwaka huu plagi, mwaka huu kanuni imebadilika wiki mbili kabla. Macho yakaanza kuingia ukungu. Siku moja akaniambia, na hakuwa mtu wa kulalamika, "Khalfani, msimu huu ndio wangu wa mwisho. Nikishinda nafunga gereji. Nisiposhinda naifunga vilevile, lakini kwa hasira." Gari yake aliiendesha mkwewe, mume wa binti yake Zuwena. Sinaiya nzima, wale wanaozungumza Kiswahili, tulikuwa tunamuombea mzee apate moja tu. Mimi nikimuombea kimyakimya, mkaguzi hana timu.

Na mwaka huo huo lajna ikatunga kanuni ya asli. Kichwa cha injini lazima kiwe asli.

Hapa lazima nikuelezeni kitu. Oman ukienda kununua kipuri, muuzaji anakuuliza: asli au tijari? Asli ni cha kampuni yenyewe, kipya, kimo ndani ya boksi lake na alama yake. Tijari ni cha mwingine yeyote aliyekiiga. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anajua. Lakini kanuni zetu ziliandikwa kwanza kwa Kiingereza na mshauri aliyekuja kwa ndege, zikatiwa Kiarabu na karani asiyepata kushika spana, halafu nusu ya gereji za sinaiya zilinipigia simu mimi niwaeleze kwa Kiswahili. Nami kwa Kiswahili nilikuwa nikijiona bingwa.

Fundi Hafidh akapiga simu asubuhi.

"Khalfani, hebu n'ambie, hiyo kanuni mpya yasemaje?"

"Shikamoo Fundi. Yasema kichwa kiwe cha asili."

"Cha asili?"

"Cha asili khasa. Tutakagua."

"Alhamdulillahi," akasema. "N'nacho."

Mmeona? Sikusema asli. Nilisema asili, kwa sababu nilikuwa nazungumza na mtu wa kwetu na neno likajipindua lenyewe mdomoni. Na kwetu asili ni chimbuko, kitu ulichozaliwa nacho. Ajabu yake, watu kama sisi ndio tulipaswa kulijua neno hilo kwa ncha zake zote. Unguja tukiitwa Waarabu. Tulipofika hapa tukaitwa Wazanjibari, na mpaka leo akija karani mpya ofisini ataniuliza kwa adabu nzuri, "Wewe, asli yako wapi hasa?" Neno limetuchoma miaka yote hiyo, na bado nikalishika upande wa makali.

Gari ya Fundi wakati ule ilikuwa na kichwa kipya, kimetoka kwa wakala ndani ya boksi, asli kuliko asli. Kanuni ilikitaka hicho hicho. Alipoweka simu, Fundi akakifungua kichwa kile, akakitia kabatini, akatoa kichwa kikuukuu ambacho gari ilizaliwa nacho, akakisafisha kwa mikono yake, akakifunga. Kichwa cha asili. Siku mbili kazi hiyo, kwa macho yale. Na kichwa kile, miaka ya nyuma, kiliwahi kupasuka na kuchomelewa, jambo ambalo kanuni ya asli hairuhusu hata kidogo, kwani maelezo ya chini yalisema: kama kilivyotoka kiwandani.

Haya yote sikuyajua mpaka siku ya fainali, gari ilipoingia hemani kwangu. Sumaku ikaanguka, sawa, aluminiamu. Nikatia mkono nyuma ya ekzozi, mahali macho hayafiki. Ukucha ukapanda mlima, ukashuka.

Kidole kikasimama. Fundi alikuwa kasimama hatua mbili, mikono nyuma, kofia mpya. Nikakitizama kichwa kile, nikakumbuka simu, na nikaelewa kila kitu kwa mara moja, kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe. Nilikuwa na mihuri miwili mezani. Mwekundu, wa kukataa, ndio uliokuwa wa haki. Lakini kosa lilikuwa langu, si lake, na mzee msimu wake wa mwisho, na nyuma yangu karani anapiga kelele foleni ni ndefu. Nikasema moyoni kwamba mchomeleo hauongezi kasi, ambayo ni kweli. Nikasema kwamba hakuna atakayejua, ambayo pia ilikuwa karibu na kweli. Nikapiga muhuri wa kijani. Miaka yote ile sikula hata kipande cha haluwa ya watu, na siku hiyo nikauza ukucha wangu bure.

Akashinda. Baada ya alasiri, taa ikageuka kijani, mkwewe akaondoka kama aliyesukumwa, na ile ya Nane haikuona ila mgongo wake. Sinaiya ikalia. Watu wazima walikuwa wanakumbatiana na mimi machozi yalinitoka, sifichi, nusu ya furaha na nusu ya kitu kingine. Fundi akapewa kikombe kikubwa, akakibeba kama mtoto mchanga, akaja moja kwa moja hemani kwangu kunionyesha. Kanuni mpya zilikuwa zimebandikwa kwenye nguzo ya hema. Akasimama kupumzika, akavaa miwani, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akasoma.

Alisoma mara mbili. Kisha akanigeukia.

"Kidole chako kilisimama," akasema.

"Ndiyo, Fundi."

"Nilikiona. Nikadhani waumwa mkono." Akavua miwani. "Kwa nini hukusema?"

"Kosa lilikuwa langu, Fundi. Mimi ndiye niliyekwambia asili."

"Kosa lako ungelilipa kwa jina lako," akasema, polepole kabisa. "Wewe umelilipa kwa langu. Miaka yote nikishindwa, Khalfani, nilikuwa nimeshindwa mimi. Leo n'meshinda nini?"

Akakichukua kikombe, akapita baina ya watu waliokuwa wanampongeza, akaenda kukiweka juu ya meza ya lajna. Akawaambia kichwa chake kimechomelewa, hakujua kanuni, uzee. Jina langu hakulitaja. Halafu akarudi kwangu mara moja tu.

"Tangu leo mimi na wewe tutasema Kiarabu," akasema. "Kiswahili chetu kina mapenzi mengi. Kiarabu kina nahau, kila neno na mahali pake."

Mtu asiye wa kwetu hawezi kuijua adhabu ile. Tulikuwa tumebaki wangapi Ibra wa kuzungumza Kiswahili cha zamani, kile cha kutaniana, cha kutukanana kwa heshima? Tangu siku hiyo nikikutana naye msikitini, namwambia shikamoo, ananijibu, "Wa alaykum salaam, ya ustadh Khalfan, kayf halak?" Ustadh! Mtu aliyenifunga kitambaa machoni. Nilitamani anipige kofi.

Mimi kesho yake nilikwenda lajna nikawaeleza yote, neno na simu na ukucha. Mwenyekiti alinisikiliza, akanimiminia kahawa, akaniambia niache, mambo yamekwisha salama, mawakala wote wawili wameridhika, usituamshie mbwa aliyelala. Nikamwambia basi nipeni adhabu. Wakanipa cheti cha uaminifu. Nikakirudisha pamoja na mihuri yangu miwili, na ndivyo nilivyostaafu, mkisikia vingine ni maneno ya mkahawani.

Kuhusu neno lenyewe, lajna iliunda lajna nyingine ndogo kulitafutia maana. Wakaingia wanasheria wa Sita na wanasheria wa Nane, wakakaa msimu mzima, wakala nyama na haluwa kwa usawa, na mwisho wakakubaliana kwa pamoja kwamba neno asli lifutwe. Kichwa chochote sasa halali, kipya, kikuukuu, kilichochomelewa, mradi kinafungika kwa boliti. Kwa hivyo kichwa cha Fundi, kilichomnyima kikombe, kikawa halali bila ya kuguswa. Niliposikia nilicheka mpaka mke wangu akaja kuniangalia.

Gereji haikufungwa. Fundi alikuwa ameahidi kuifunga akishinda au asiposhinda, lakini hakuwa na hakika lipi kati ya hayo limetokea.

Karibu mwaka ukapita. Asubuhi moja Zuwena akasimama mlangoni kwangu. Zuwena mwalimu wa skuli, kazaliwa hapa, Kiswahili chake kimejaa upendo na makosa.

"Ami, baba anasema uje ukague gari yake kabla ya msimu. Iko tayari. Mikanda mapya, matairi mapya, kila kitu mapya."

"Kasema hivyo, yeye mwenyewe? Nije mimi, Khalfan?"

"Kasema nimwite mufattish." Yaani mkaguzi. Kwa Kiarabu.

Nikachukua tochi na sumaku. Mihuri sina, nikachukua karatasi tupu. Nilipofika, Fundi alikuwa kakaa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni mwa gereji. Nikamwambia shikamoo. Akanijibu "ahlan, ya ustadh, tafaddhal," akanionyesha gari kwa mkono, kama mteja.

Nikaanza. Sikuwahi kukagua gari vile maishani mwangu. Nilianza kwa matairi, kwa mgongo wa mkono, nikaenda breki, nikalala chini dishdasha yangu nyeupe ikaharibika, nikatia ukucha nyuma ya ekzozi, ukapanda mlima ukashuka, halali, nikaandika. Injini ilikuwa nzuri. Wallahi ilikuwa nzuri kuliko ile ya fainali. Yeye ananiangalia kidole tu. Jua likafika katikati, adhana ikapita, tukasali, nikarudi. Nikaingia ndani, nikakaa kiti cha dereva, nikaufunua mkanda wa bega pale unapofungwa, nikaisoma lebo yake iliyoshonwa kwa uzi mwekundu.

Kidole kikasimama. Safari hii nikakiacha pale makusudi, aone.

Mkanda wa mashindano una umri wake, vijana, hata ukiwa haujawahi kuvaliwa. Ulikuwa mpya, umetolewa mfukoni, unang'aa, na muda wake ulikuwa umepita miezi miwili. Ningeweza kumwambia kwa mdomo akanunue mwingine, jambo la nusu saa. Nikashuka, nikaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: IMEKATALIWA. Chini yake nikaandika sababu, tarehe ya lebo, na jina langu lote mpaka la babu. Nikampa kwa mikono miwili.

Akavaa miwani. Akasoma mara mbili. Akainuka, akaenda kwenye gari, akaisogeza lebo karibu na jicho lake zuri. Zuwena alikuwa mlangoni na sinia ya chai, hakuthubutu kupita.

"Wewe Khalfani!" Fundi akaniunguruma, kwa Kiswahili. "Mwana wa mvivu wewe, mkanda huu haujatoka hata vumbi la dukani, waja hapa na tochi yako ya maiti kunikatalia gari yangu, ndani ya gereji yangu, mbele ya mwanangu?" Na akaendelea. Yaliyofuata ni maneno ya zamani ya kwao Wete, Pemba, siwezi kuyaandika hapa, mna mama zenu. Nilivuta ndoo, nikaigeuza, nikaikalia, nikayasikiliza yote mpaka la mwisho.